Kisukari na Mgongo wa Bibi

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima ya Bugene na vijiji jirani. Limepigwa chapa kwa ajili ya waliosikia na kutaka kusoma tena, na kwa wale ambao hawakupata kusikia.

Natumaini kila mmoja amepata mahali pa kukaa na daftari lake li mkononi. Leo twahitaji vitu vitatu: kipande cha mkaa, futi ya fundi cherehani, na ukuta ulionyooka. Mwalimu aviweke tayari. Tutavitumia katikati ya somo.

Hapa Bugene, na katika Karagwe yote mpaka Kyerwa, tumezoea kumwona mukaikuru akitembea ameinama, fimbo mkononi, macho yakitazama chini. Jana alikuwa mrefu kama binti yake, leo amfikia begani. Tukiulizwa ana nini, twajibu, "Ni uzee tu." Wengine husema amerogwa. Somo la leo lataka kuondoa majibu hayo mawili. Mgongo wa bibi uliopinda ghafula, au uliofupika mwaka hata mwaka, mara nyingi ni mgongo uliovunjika. Na bibi mwenye ugonjwa wa kisukari yumo katika hatari kubwa kuliko wenzake, hata kama ni mnene, hata kama hajapata kuanguka. Uzee hauna dawa, lakini mfupa uliovunjika una matunzo yake.

Mgongo ulivyojengwa

Pitisha kidole katikati ya mgongo wa jirani yako, kama yeye aridhia. Utasikia vinundu vilivyopangwa kutoka shingoni mpaka kiunoni. Hivyo ni ncha za mifupa iitwayo pingili. Pingili zinazojongea ni 24: shingoni 7, kifuani 12, kiunoni 5. Chini yake zimo nyingine zilizoshikamana, kufikia mfupa wa mkia. Ndani ya pingili kuna tundu, na katika tundu hilo hupita mshipa mkuu wa fahamu utokao kwenye ubongo.

Sehemu ya mbele ya pingili ndiyo inayobeba uzito wa mwili. Ganda lake ni jembamba. Ndani si mfupa mzito kama jiwe, bali ni vijiti vidogo vidogo vilivyoshikana, vyenye nafasi katikati, kama sega la nyuki. Sega zima laweza kubeba asali nyingi. Sega lililotobolewa kuta zake, ukilibonyeza kwa kidole, lalala.

Mfupa ni kitu hai. Kila siku mwili huvunja sehemu kidogo iliyochakaa na kujenga nyingine mpya, kama mtu akarabatiye nyumba yake ya miti na udongo. Katika ujana wajenzi huwashinda wabomoaji. Baadaye wabomoaji huanza kushinda. Kwa mwanamke mambo huenda mbio zaidi baada ya damu ya mwezi kukoma, kwa sababu homoni iitwayo estrojeni, iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji, hupungua. Mifupa ikisha kuwa myepesi na dhaifu kiasi cha kuvunjika kwa jambo dogo, waganga huuita ugonjwa huo osteoporosisi. Sisi katika somo hili tutauita ugonjwa wa mifupa dhaifu.

Pingili dhaifu haivunjiki kama kijiti kinachokatika vipande viwili. Hubonyea. Upande wa mbele hulala, upande wa nyuma hubaki umesimama, na pingili hupata umbo la kabari ya kupasulia kuni. Kabari moja yaweza isionekane. Kabari mbili tatu zikipangwa moja juu ya nyingine hupindisha mgongo mbele, na hapo ndipo kibiongo hutokea. Mbavu hushuka karibu na nyonga, tumbo husukumwa mbele, chakula hakikai vizuri, na pumzi huwa fupi.

Jambo la kutisha ni kwamba ugonjwa huu ni mwizi wa kimya. Kati ya pingili 3 zilizovunjika hivi, kama 2 huvunjika bila mganga kutambuliwa habari zake. Mwenyewe hudhani ni maumivu ya jembe.

Kisukari kinavyoingia

Zamani tulihesabu kisukari kuwa ugonjwa wa watu wa mjini. Uchunguzi wa vijiji kadhaa vya Tanzania, uliotangazwa mwaka 1989, ulikuta wenye kisukari ni chini ya mtu 1 katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 25 mpaka 64 mijini na vijijini, ulikuta karibu 9 katika kila 100. Njia za kupima hazikuwa zile zile, lakini kila mganga aona kwamba ugonjwa umeongezeka. Basi katika darasa la watu 30 kama hili, huenda wawili au watatu wanao, na mmoja wao hajui.

Twajua kisukari huharibu macho, figo na miguu. Juu ya mifupa hatusikii sana. Ili kuelewa, twende shambani.

Kila mkulima wa Kagera amjua fukusi wa migomba. Hutaga mayai chini ya shina, na funza wake hutoboa njia ndani ya tunguu. Ukipita shambani waona mgomba umesimama, shina ni nene, majani ni ya kijani. Wasema, "Huu ni mzima." Siku mkungu unapojaa na upepo kuvuma kidogo, mgomba wote walala chini. Ukitazama tunguu wakuta matobo matupu. Unene wa shina haukukuambia kitu.

Mfupa wa mtu mwenye kisukari cha ukubwani hufanana na mgomba huo. Mara nyingi uzito wake si pungufu. Pengine umezidi wa wenzake, kwa kuwa wengi wenye ugonjwa huu ni wanene, na mwili mzito huufanya mfupa kuwa mzito. Lakini ubora wake umeharibika. Sababu ni hizi.

Kwanza, ndani ya mfupa mna nyuzi zinazoushika pamoja na kuufanya unyumbuke. Sukari ikizidi katika damu miaka mingi hujishikiza katika nyuzi hizo na kuzikakamaza. Chukua kamba ya mgomba iliyokauka juani, uikunje: yakatika. Iloweshe kwanza, nayo yafunga mzigo. Nyuzi za mfupa wa mwenye kisukari huwa kama ile kamba kavu.

Pili, wajenzi wa mfupa hulegea. Nyufa ndogo zinazotokea kila siku hazizibwi kwa wakati, zikaongezeka.

Ndiyo sababu hata mashine ya kupimia uzito wa mifupa, ambayo kwa kawaida haipatikani katika hospitali zetu za wilaya, yaweza kusema mfupa ni mzima na kumbe si mzima. Kwa hiyo bibi mwenye kisukari asijidanganye kwa unene wake. Nao wenye kisukari kile kinachoanza utotoni au ujanani, mifupa yao huwa na uzito pungufu pia, na hatari yao ni kubwa zaidi.

Tatu, kisukari huongeza kuanguka. Miguu iliyokufa ganzi haisikii jiwe. Macho yenye ukungu hayaoni kamba ya mbuzi. Mkojo wa mara kwa mara humwamsha mtu usiku aende chooni gizani. Na yule anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi, asipokula kwa wakati sukari yake hushuka mno: hutoka jasho, hutetemeka, huona kizunguzungu, huanguka.

Mfano wa bibi mmoja

Tuchukue mfano wa kubuni, ambao wengi wetu tutautambua. Bibi wa miaka 68 ana kisukari tangu miaka 12 iliyopita. Asubuhi moja ameinama kuinua ndoo ya maji. Ndani ya mgongo asikia kitu kimekatika. Aketi chini. Binti yake aja mbio.

"Mama, una nini?"

"Kiuno tu, mwanangu. Nimekuwa mzee."

"Twende zahanati."

"Kwa ajili ya kiuno? Msimu wa maharage huu. Nenda dukani ukaninunulie dawa ya maumivu."

Binti anunua vidonge vya diklofenaki. Maumivu yapungua. Baada ya siku chache bibi yuko shambani tena, na kila maumivu yarudipo, vidonge vyanunuliwa. Jirani aja kumkanda mgongo kwa nguvu. Mwaka wapita. Sasa bibi ameinama, nguo yake yaburura chini mbele, naye hawezi kulala chali.

Hapa pana makosa matatu. La kwanza, hakupigwa picha. Mwanamke ambaye pingili yake imevunjika, kama hatibiwi, yumo katika hatari kubwa ya kuvunjika nyingine. Kati ya wanawake 5 wa namna hiyo, kama 1 huvunjika pingili nyingine kabla ya mwaka kwisha. La pili, dawa kama diklofenaki na ibuprofeni zikitumiwa mfululizo huumiza figo, na figo za mwenye kisukari tayari zimo hatarini. La tatu, mgongo uliovunjika haukandwi kwa nguvu, wala haukanyagwi.

Tupime

Sasa tutumie vitu vyetu. Asiyeweza kusimama vizuri, au mwenye maumivu, asilazimishwe.

Vua viatu na kilemba. Simama, visigino na mgongo viguse ukuta, tazama mbele. Mwenzako aweke daftari bapa juu ya kichwa chako, akatie alama ya mkaa ukutani. Pimeni kutoka chini mpaka alama. Andika jina lako, tarehe, na urefu kwa sentimita.

Kisha nyosha mikono yote miwili pembeni, kama mtu azuiaye mlango. Pimeni kutoka ncha ya kidole kirefu cha mkono mmoja mpaka ncha ya kidole kirefu cha mkono wa pili. Kwa watu wengi kipimo hiki hukaribia urefu waliokuwa nao ujanani, maana mikono haifupiki kwa uzee.

Tufanye hesabu. Mikono ya bibi ni sentimita 157. Urefu wake leo ni sentimita 150.

157 − 150 = 7

Tofauti ya sentimita 5 au zaidi ni dalili ya kutosha kumpeleka mtu akaonwe na mganga. Si hukumu, ni dalili. Hali kadhalika, mtu akipimwa tena baada ya miezi sita na kukutwa amepungua sentimita 2 au zaidi, aende. Ndiyo maana tumeandika tarehe. Daftari lako ni shahidi ambaye hasahau.

Kuna vipimo viwili vingine visivyohitaji futi. Ukisimama hivyo ukutani, je, kisogo chako chagusa ukuta bila kuinua kidevu? Na kati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, vidole vyako vingapi vyaingia? Kisogo kisipogusa, au vidole viwili visipoingia, mwambie mganga.

Kwenda kwa mganga

Anza zahanati au kituo cha afya. Sema maneno haya bila haya: "Nina kisukari. Mgongo uliniuma ghafula siku fulani, nilipofanya kazi fulani. Nimepungua urefu kiasi hiki. Naomba nielekezwe kwenye picha ya mgongo." Picha hiyo ni ya eksirei, nayo ipigwe kutoka ubavuni, kwa kuwa kabari huonekana vizuri kwa upande. Kwa picha utaelekezwa hospitali, kama ile ya Nyakahanga. Mwenye umri wa miaka 60 na zaidi aulize pia juu ya msamaha wa malipo kwa wazee wasio na uwezo.

Si kila maumivu ya mgongo ni ugonjwa huu. Kifua kikuu hula pingili za mgongo, na mwenye kisukari hukipata kwa urahisi zaidi. Pia saratani yaweza kuingia mifupani. Basi ukiwa na homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, kikohozi cha majuma mawili, au uvimbe wa titi, vitaje vyote. Na miguu ikilegea ghafula, au mkojo na haja kubwa vikishindwa kuzuilika, usingoje kesho. Mshipa mkuu wa fahamu umebanwa. Ni hospitali siku hiyo hiyo.

Taja pia dawa zote unazotumia. Predinisoloni ikitumiwa muda mrefu hula mifupa na kupandisha sukari. Dawa moja ya kisukari, pioglitazoni, huongeza kuvunjika kwa mifupa ya wanawake. Metifomini haina lawama hiyo. Lakini mtu asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe, maana kuacha dawa ghafula kwaweza kuua.

Kwa maumivu, parasetamoli huanza. Kwa kuimarisha mfupa zipo dawa, mathalani alendronati, kidonge kimoja kwa juma. Humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa bilauri nzima ya maji, na aliyemeza hukaa wima au husimama nusu saa asilale, ili kisimchome koo. Kabla ya kuipata, figo hupimwa. Pingili nyingi zilizobonyea hushikamana katika majuma 6 mpaka 12. Kulala kitandani miezi si dawa. Siku chache za mapumziko zatosha, kisha kutembea kidogo kidogo, kwa kuwa mfupa usiofanya kazi hudhoofika zaidi.

Nyumbani na shambani

Sehemu hii si ya bibi peke yake. Waume, wana, wakwe na wajukuu wasikilize.

Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Mkungu wa ndizi waweza kuzidi hapo. Bibi mwenye kisukari asiinue wala asijitwike mizigo hiyo. Maji yaletwe na vijana, au kwa baiskeli, au kwa madumu madogo ya lita 5, moja kila mkono. Akiokota kitu, apige magoti, asipinde mgongo. Jembe la mpini mfupi limwinamishalo kutwa nzima aachiwe kijana.

Lakini tusimnyang'anye kazi zote. Mtu aliyewekwa pembeni hukonda moyo na mwili. Achambue maharage akiwa ameketi vizuri, asimamie shamba, atembee kwenda kwa jirani. Kila siku ainuke kitini bila kushika kwa mikono, mara 10 ikiwezekana, huku mtu yu karibu. Zoezi hilo hutia nguvu mapajani, na mapaja yenye nguvu huzuia kuanguka.

Nyumbani pawe na taa ya usiku, na njia ya choo ifagiliwe mawe na kamba. Viatu viwe vya kushika mguu. Macho yapimwe kila mwaka. Mwenye kutumia insulini asikose chakula. Akianza kutetemeka, naye bado aweza kumeza, apewe maji yenye vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari, kisha ale.

Na chakula? Mfupa wahitaji kalsiamu. Mwanamke aliyepita miaka 50 ahitaji kama miligramu 1,200 kwa siku. Kikombe cha maziwa cha robo lita kina kama 300.

300 × 3 = 900

Vikombe vitatu, visivyotiwa sukari, vyamaliza sehemu kubwa ya safari. Sisi wa nchi ya ng'ombe tusiuze maziwa yote. Kinachobaki kitoke kwenye dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maharage na mboga za majani. Ndizi si adui. Kipimo ndicho kiangaliwe: ndizi kidogo, maharage na mboga nyingi. Jua la nusu saa mikononi na miguuni huusaidia mwili kutengeneza vitamini D, inayoingiza kalsiamu mfupani. Bibi asishinde jikoni penye giza. Pombe, iwe rubisi au ya chupa, na tumbaku, huudhoofisha mfupa na kuiyumbisha miguu.

Juu ya yote, sukari itunzwe. Lakini kwa mzee isishushwe kupita kiasi, kwa maana anayeanguka kwa sukari ndogo huvunjika sawasawa na yule ambaye sukari nyingi imemla mifupa. Mganga atawapa kipimo chake.

Maneno ya kukumbuka

Pingili: mfupa mmoja wa mgongo.
Kabari: umbo la pingili iliyobonyea upande wa mbele.
Ganzi: hali ya kutosikia mguu au mkono.
Eksirei: picha ionyeshayo mifupa.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini unene wa bibi mwenye kisukari si ushahidi wa mifupa imara? Tumieni mfano wa fukusi.
2. Bibi ana urefu wa sentimita 148. Mikono yake ni sentimita 154. Tofauti ni ngapi? Mtamshauri nini?
3. Katika nyumba yako, nani huinua maji? Umri wake ni miaka mingapi? Amepimwa kisukari?
4. Taja dalili mbili ambazo hazingoji kesho.

Kabla ya somo lijalo kila mwanafunzi ampime mzee mmoja wa nyumbani, mama, bibi, au shangazi, aandike tarehe na vipimo vyote viwili. Mkikuta tofauti kubwa, msimtishe. Mwambieni kwa upole, "Twende pamoja," kisha mfuatane naye zahanati. Kwaherini.